Bagi ya kutumia memori iliyoshaachiwa kwenye draiva ya diski: jinsi ya kuikamata na kuirekebisha

Kama unasoma hii nadhani tayari una logi imejaa namba za ajabu na mashine imeganda, ukaiwasha upya ikafanya kazi siku nne bila neno, siku ya tano ikalala tena, na safari hii inalalamikia sehemu nyingine kabisa ya keneli (moyo wa mfumo endeshi) ambayo wewe hata hujawahi kuigusa. Hiyo ndo tabia ya hii bagi. Kuna kipande cha memori kimeshaachiwa kwa kfree (fanksheni ya keneli ya kurudisha memori), alafu kuna mtu mahali fulani bado ana pointa yake (anwani ya hicho kipande) na anaitumia. Ni kama mpangaji aliyehama akabaki na funguo, siku anarudi kuchukua ndoo yake, kama chumba bado kitupu anaingia anatoka na hakuna anayejua, kama kuna mpangaji mpya ndani basi hapo ndo kelele zinaanza, na kelele zinapigwa na yule mpangaji mpya ambaye hana kosa lolote. Kwaiyo usishangae logi ikimtaja asiyehusika.

Ntaongelea Linux, na kodi ya diski hasa, kwasababu huku hii bagi ina ubaya wake wa pekee. Ikitokea kwenye draiva ya sauti utasikia mkwaruzo, ikitokea kwenye diski inaweza kuandika takataka juu ya mafaili ya mtu na akaja kugundua mwezi ujao. Alafu kodi ya diski karibu yote ni ya kutuma kazi na kwenda zako, unatuma ombi la kusoma saivi, jibu linarudi baadaye kwenye CPU nyingine, katikati ya intarapti (kifaa kinapoikatiza CPU), na katikati hapo kuna taima, kuna foleni ya kazi, kuna mfumo wa mafaili, kuna jamaa kafungua /dev na hajaifunga. Wote hao wana pointa.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujasoma kodi hata mstari mmoja, jenga keneli yenye KASAN (kikaguzi cha makosa ya memori kilichomo kwenye keneli). Usianze kukisia. Nimeshapoteza siku tatu nikikisia na KASAN ikanionyesha kwa dakika kumi. Hizi ndo naziwashaga:

```
CONFIG_KASAN=y
CONFIG_KASAN_GENERIC=y
CONFIG_KASAN_INLINE=y
CONFIG_DEBUG_INFO_DWARF5=y
CONFIG_PROVE_LOCKING=y
CONFIG_DEBUG_OBJECTS=y
CONFIG_DEBUG_OBJECTS_FREE=y
CONFIG_DEBUG_OBJECTS_TIMERS=y
CONFIG_DEBUG_OBJECTS_WORK=y
```

KASAN iliingia keneli 4.0 mwaka 2015 na kazi yake ni rahisi kuielewa: kwa kila baiti 8 za memori inaweka baiti 1 pembeni inayosema kama hizo nane zinaruhusiwa kuguswa au la, kwaiyo inakula moja ya nane ya memori yako na inapunguza kasi, hiyo sio keneli ya kumpa mteja. Kompaila inaongeza ukaguzi kwenye kila kusoma na kuandika. Na kipande kikiachiwa hakirudishwi kwenye matumizi hapo hapo, kinawekwa karantini kwanza ili mwenye funguo ya zamani akirudi akutwe chumba kikiwa bado kitupu na kimewekwa alama. Ila karantini ina ukubwa wake, ikijaa vya zamani vinatolewa, kwaiyo kama kati ya kuachiwa na kutumiwa kunapita muda mrefu na mashine ina shughuli nyingi, KASAN inaweza isione kitu, au ikakuonyesha mwenye kipande ambaye sio yule wa kwako. Nakuambia mapema ili siku ikikuonyesha kitu kisichoeleweka usidhani umerogwa.

Kama huwezi kukompaili keneli upya (labda mashine iko mbali au mwenye nayo hataki), weka slub_debug=FPU kwenye mstari wa kuwashia. Herufi P inajaza memori iliyoachiwa na baiti 6b, kwaiyo mashine ikianguka angalia namba za rejista za CPU kwenye logi, ukiona 6b6b6b6b6b6b6b6b umeshampata, kuna mtu amesoma pointa kutoka ndani ya kipande kilichoachiwa. Ukiona 6b6b6b6b6b6b6b83 pia ni huyo huyo, ni 6b zilezile zimeongezwa 0x18, yaani alikuwa anafuata pointa ili asome fildi iliyoko baiti 24 mbele. Na kuna KFENCE, ipo toka 5.12, inakagua vipande vichache tu kwa sampuli, nyepesi kiasi cha kuachwa kwenye mashine ya kazi, lakini utasubiri.

Sasa kuifanya bagi itokee ukiitaka wewe. Hapa ndo wengi wanakata tamaa. Usitumie mashine yako, tumia QEMU (programu inayoigiza kompyuta nzima) na uipe CPU nne au zaidi, kwasababu ukiwa na CPU moja mbio nyingi (kodi mbili kugombania kitu kimoja kwa wakati mmoja) hazitokei kabisa. Kama huna kifaa chenyewe, null_blk na scsi_debug ni diski za bandia ziko ndani ya keneli tayari, na scsi_debug ina kigezo cha delay kinachochelewesha majibu, kitu ambacho ndo hasa unakitaka, maana ombi likikaa njiani muda mrefu unapata nafasi ya kuondoa diski chini yake. Bagi nyingi za aina hii zinatokea wakati wa kuondoa kifaa, watu wanajaribu sana kuwasha na kusoma na kuandika, kuzima hawajaribu.

Ntatumia draiva ya kubuni, tuiite boksi, yenye kazi inayojirudia kila sekunde kukagua hali ya kifaa. Kitanzi cha kuitesa ni hiki:

```
cd /sys/bus/platform/drivers/boksi
while true; do
  echo boksi.0 > bind
  dd if=/dev/boksi0 of=/dev/null bs=4k iflag=direct &
  sleep 0.$((RANDOM % 9))
  echo boksi.0 > unbind
  wait
done
```

Angalia nimetumia unbind, sijatumia rmmod. rmmod inakataa kama diski bado imefunguliwa, unbind haikatai, inaondoa tu kama vile mtu kachomoa waya. Na kama bado haitokei, nenda kwenye kodi uweke msleep(200), yaani kulala milisekunde 200, pale unaposhuku, katikati ya mtu kuchukua pointa na kuitumia. Dirisha la nanosekunde linakuwa dirisha la kupita lori. Sio udanganyifu, kama kodi ni sahihi basi kulala hapo hakutakiwi kuharibu chochote.

Mara paap, inatokea:

```
BUG: KASAN: slab-use-after-free in boksi_kagua+0x4c/0x1a0
Read of size 8 at addr ffff888104a3b218 by task kworker/2:1/87

Allocated by task 412:
 boksi_probe+0x3a/0x2f0

Freed by task 655:
 kfree+0xf3/0x310
 boksi_remove+0x88/0xc0

The buggy address is located 24 bytes inside of
 freed 512-byte region [ffff888104a3b200, ffff888104a3b400)
```

(Nimeipunguza, ya kweli ni ndefu.) Hapa kuna mashahidi watatu: nani aliyeomba hiyo memori, nani aliyeiachia, na nani kaja kuigusa. Watu wanakimbilia wa tatu kwasababu ndo yuko juu kabisa, wakati yeye mara nyingi anafanya kazi yake ya kawaida tu. Mimi naanzaga na wa pili. Alieachia alikuwa na haki ya kuachia? Alijuaje kwamba hakuna mwingine aliyeshika?

Kubadili zile namba kuwa mstari wa kodi:

```
./scripts/faddr2line drivers/block/boksi.o boksi_kagua+0x4c/0x1a0
./scripts/decode_stacktrace.sh vmlinux < logi.txt
pahole -C boksi drivers/block/boksi.o
```

Ya kwanza kwa fanksheni moja, ya pili kwa logi nzima, na pahole inakuonyesha kila fildi ya strakti (fungu la data la draiva) iko baiti ya ngapi, kwaiyo ile 24 ya kwenye ripoti inakuwa jina, kwangu ilikuwa b->regs. Kumbuka pia kwamba KASAN kwa kawaida inapiga kelele mara moja tu baada ya kuwasha, zinazofuata inanyamaza. Ukitaka zote weka kasan_multi_shot, ila ripoti ya kuaminika ni ile ya kwanza, zinazofuata zinaweza kuwa majeraha ya ile ya kwanza.

Kodi yenyewe ilikuwa hivi (boksi_remove ndo inaitwa ukifanya unbind, boksi_probe ukifanya bind, na b ni pointa ya strakti ya draiva):

```
static void boksi_kagua(struct work_struct *w)
{
	struct boksi *b = container_of(to_delayed_work(w),
				       struct boksi, kagua);

	if (boksi_soma_hali(b) < 0)
		b->makosa++;
	schedule_delayed_work(&b->kagua, HZ);
}

static void boksi_remove(struct platform_device *pdev)
{
	struct boksi *b = platform_get_drvdata(pdev);

	cancel_delayed_work(&b->kagua);
	del_gendisk(b->disk);
	put_disk(b->disk);
	blk_mq_free_tag_set(&b->tags);
	kfree(b);
}
```

Ukiisoma haraka iko sawa kabisa, kazi imefutwa, diski imeondolewa, memori imeachiwa. Tatizo la kwanza ni kwamba cancel_delayed_work inafuta kazi iliyoko kwenye foleni ikisubiri zamu, ila kama kazi imeshaanza kukimbia kwenye CPU nyingine haisubiri, inarudi tu na kukuambia mambo safi, wakati boksi_kagua iko katikati na mstari wake wa mwisho utajipanga tena kwenye foleni. Dawa inajulikana, cancel_delayed_work_sync, hiyo inasubiri hadi iishe na inazuia isijipange upya. Nikaibadilisha, nikawasha kitanzi, nikaenda zangu kula nikiwa nimeridhika.

Kurudi nakuta ripoti ileile.

Kumbe boksi_kagua haijipangi yenyewe tu. Kwenye boksi_queue_rq (fanksheni ya draiva inayopokea maombi), ombi likishindikana, kuna mstari wa mod_delayed_work unaoita ukaguzi hapo hapo bila kusubiri sekunde. Na maombi yanaendelea kuingia hadi del_gendisk (inayoondoa diski) imalize, yaani mimi nimefuta kazi kwenye mstari wa kwanza, alafu dd bado inasoma, ombi moja likafeli, kazi ikarudi kwenye foleni baada ya mimi kuifuta. Hapa ndo kuna kanuni ambayo ningeichora tatuu kama ningekuwa mtu wa tatuu: ziba chanzo kwanza, alafu ndo ukaushe bwawa. Maombi yanazalisha kazi, kwaiyo maombi yafe kwanza, kazi zifuate, memori iwe ya mwisho. Ukikausha bwawa mto bado unaingia, utakausha mpaka kesho. Kwaiyo del_gendisk juu, cancel_delayed_work_sync chini yake.

Na ile DEBUG_OBJECTS niliyokwambia uiwashe, kazi yake ni hapa hapa, ukiachia memori ambayo ndani yake kuna taima bado inatembea inakuambia wakati wa kuachia, haisubiri hadi mtu aiguse, mstari wake unaanza na ODEBUG: free active na unamalizia na jina la fanksheni ya taima, kwa kazi za kucheleweshwa ni delayed_work_timer_fn. Inakukamatia kosa hata kama mbio zenyewe hazikutokea siku hiyo.

Angalizo la haraka kuhusu hizi fanksheni zinazoishia na _sync: usiziite ukiwa umeshika loki (kufuli ya kuzuia wawili wasiguse kitu kwa pamoja) ambayo ile kazi nayo inaihitaji. Wewe unaisubiri iishe, yenyewe inasubiri uachie loki, mtakaa hapo hadi umeme ukatike. PROVE_LOCKING itakuambia.

Kitanzi kikakimbia usiku mzima bila kelele, nikataka kutuma pachi (marekebisho ya kodi). Bahati nzuri nikakumbuka wenye pointa wengine ambao dd haiwagusi, nao ni wale waliofungua diski na kukaa kimya. Jaribu hii:

```
sleep 30 < /dev/boksi0 &
echo boksi.0 > /sys/bus/platform/drivers/boksi/unbind
```

sleep haisomi kitu, inashikilia tu faili likiwa wazi. Unbind inamaliza, kfree(b) inapita, kimyaa. Baada ya sekunde 30 sleep inakufa, keneli inafunga faili, inaita boksi_release, nayo inachukua disk->private_data ambayo ni b, na b alishazikwa nusu dakika iliyopita. KASAN inapiga kelele na jina la mtuhumiwa ni sleep, mtu ambaye kwa kweli alikuwa amelala.

Ndo unaona sasa kwamba swali halikuwa lini tuite kfree kwenye remove, ni kwamba kfree haikutakiwa kuwa kwenye remove kabisa. Kuondoka kwa kifaa na kufa kwa strakti ni matukio mawili tofauti. Kifaa kinaondoka pale mtu anapokichomoa, strakti inakufa pale mshikaji wa mwisho anapoiachia, na gendisk (strakti ya keneli inayowakilisha diski) tayari ina kaunta ya washikaji wake, kwaiyo funga uhai wa b kwenye uhai wa gendisk:

```
static void boksi_free_disk(struct gendisk *disk)
{
	kfree(disk->private_data);
}

static void boksi_remove(struct platform_device *pdev)
{
	struct boksi *b = platform_get_drvdata(pdev);

	del_gendisk(b->disk);
	cancel_delayed_work_sync(&b->kagua);
	blk_mq_free_tag_set(&b->tags);
	put_disk(b->disk);
}
```

boksi_free_disk unaiweka kwenye block_device_operations kama .free_disk. Vitu vitatu hapa vya kuangalia kwa macho mawili. Kwanza put_disk imeenda mwisho, kwasababu ikirudi b anaweza kuwa ameshakufa, na tags iko ndani ya b, ungeacha mpangilio wa zamani ungetengeneza bagi mpya ileile kwa mkono wako mwenyewe. Pili free_disk inaitwa tu kama diski ilishaongezwa kikamilifu, kwaiyo kama probe inafeli kabla ya hapo ni jukumu lako kuachia b kwa mkono, usipofanya hivo unavujisha memori. Tatu, b yuko hai lakini kifaa hakipo, boksi_release isiguse b->regs. virtio_blk inafanya hivi vizuri, ikiondolewa inaweka pointa ya kifaa kuwa NULL chini ya mutex (aina ya loki) alafu ndo inaita put_disk, ukipata muda isome, ni draiva fupi na inaeleweka.

Sasa kuna sura nyingine ambayo naikuta mara nyingi zaidi ya hiyo ila ni fupi:

```
submit_bio(bio);
b->jumla += bio->bi_iter.bi_size;
```

Mistari miwili tu. Ukishaita submit_bio ile bio (strakti inayobeba ombi la diski) sio yako tena. Diski ikiwa na kasi, ombi linaweza kumalizika na bi_end_io (fanksheni inayoitwa ombi likiisha) ikaita bio_put, inayoachia bio, kabla hata submit_bio haijarudi kwako. Soma ukubwa kabla ya kutuma, basi. Na hata kama bio ingekuwa hai, bi_iter inasogezwa wakati ombi linaendelea, kwaiyo hiyo namba ingekuwa ya uongo hivo hivo. Kama kweli unaihitaji bio baada ya kuituma kuna bio_get kabla na bio_put baadae, ila mara tisa kwenye kumi huihitaji, unahitaji namba moja tu kutoka ndani yake. Makosa ya hivi yanaingia sana kupitia mistari ya takwimu na ya kuchapisha logi, mtu anaongeza pr_debug kutafuta bagi anaongeza bagi.

Alafu kuna ile ambayo KASAN haiioni kabisa, na hii ujue mapema. Maombi ya blk-mq (mfumo wa keneli wa foleni za maombi ya diski), zile struct request, hayaombwi na kuachiwa kila mara. Yanatengwa yote kwa pamoja wakati wa kuandaa tag set (fungu la tagi za diski) na kila moja lina namba yake, tagi, likimalizika tagi inarudi na ombi lilelile linapewa mtu mwingine. Kwa macho ya KASAN ile memori haijawahi kuachiwa. Kwaiyo kifaa kikichelewa, taimauti ikamaliza ombi, tagi ikapewa ombi jipya, alafu kifaa kikaamka na kuleta jibu la ombi la zamani kwa tagi ileile, wewe utalimaliza ombi jipya ambalo data yake haijafika. Hakuna ripoti, hakuna kuanguka, msomaji anapewa takataka akiambiwa ndo data yake. Upande wa NVMe (njia ya kuongea na diski za SSD) walilifanyia kazi hili mwaka 2021: namba ya amri ina biti 16, wakachukua biti 4 za juu kuwa kaunta ya kizazi na 12 zilizobaki ndo tagi, ombi likitumika upya kaunta inapanda, jibu likirudi na kizazi kisicholingana linakataliwa na kuandikwa kwenye logi. Kama kifaa chako kinakubali kurudisha namba uliyompa, iga hiyo, haina gharama.

Mfano mmoja wa kweli wa kukuonyesha dawa nyingine, ni nbd, diski ya kupitia mtandao, bagi ilipewa namba CVE-2021-3348 kwenye orodha ya kasoro za usalama. Wakati wa kuandaa kifaa kila soketi (muunganisho wa mtandao) mpya ikiongezwa, safu ya soketi ilikuwa inapanuliwa kwa krealloc, na krealloc ikihamisha safu ile ya zamani inaachiwa. Ombi la kusoma likiingia hapo katikati linasoma safu ya zamani. Ungedhani dawa ni loki, sivyo, kwasababu njia ya maombi inapitwa mara nyingi mno kwa sekunde na safu ile haibadiliki kabisa kifaa kikishaanza kazi, kwanini kila ombi lilipe loki kwa ajili ya jambo linalotokea mwanzoni tu. Walichofanya ni kugandisha foleni, blk_mq_freeze_queue kabla ya krealloc na blk_mq_unfreeze_queue baada yake. Kugandisha kunasubiri maombi yaliyo njiani yaishe na kuzuia mapya, kwaiyo gharama yote inabebwa na yule anayebadilisha. Nikikuta strakti inabadilika mara chache na kusomwa mara nyingi kwenye njia ya maombi hii ndo ya kwanza kuifikiria, ya pili ni RCU (njia ya keneli ya kusoma bila loki), list_del_rcu na kfree_rcu, memori inaachiwa baada ya wasomaji wote wa wakati huo kutoka.

Na kama umeamua kutumia kaunta yako mwenyewe, tumia kref au refcount_t (kaunta za washikaji zilizo tayari kwenye keneli), usitumie atomic_t. refcount_t ikiongezwa wakati iko sifuri inapiga kelele, refcount_t: addition on 0; use-after-free, atomic_t ingekubali kimya kimya kumfufua marehemu. Ukimtafuta mtu kwenye orodha ambaye anaweza kuwa yuko njiani kufa, chukua kwa kref_get_unless_zero ukiwa chini ya loki au RCU ya hiyo orodha, ikikataa jifanye hukumuona.

Dawa za uongo nazo nizitaje maana nimezipokea kwenye pachi na nyingine niliziandika mwenyewe zamani. Kuweka if (!b) return kabla ya kutumia, pointa ya aliyekufa haigeuki NULL yenyewe. Kuweka b = NULL baada ya kfree, umefuta nakala moja, wengine nane wana zao. Kuweka msleep kabla ya kfree ili wengine wamalize, hiyo inahamisha bagi kwenye mashine yenye kazi nyingi kuliko yako. Na ile ninayoipenda kuliko zote, fildi ya b->imekufa ndani ya b ileile, kila mtu anaikagua kabla ya kugusa. Hiyo ni kumuuliza maiti kama amekufa.

Baada ya kurekebisha acha zile msleep zako ndani na uendeshe kitanzi tena, usiku mzima, pamoja na ile ya sleep 30, na pia endesha fio (programu ya kuipa diski mzigo) ikiandika wakati unaondoa kifaa. Alafu rudisha kodi ya zamani bila pachi uhakikishe kitanzi bado kinaiangusha, usije ukawa umepona kwasababu kitanzi ndo kimeharibika. Ndipo utoe msleep zote.

Pachi yenyewe iwe na jambo moja tu. Kwenye maelezo andika nani alikuwa ameshika, nani akaachia, kwa mpangilio wa CPU mbili pembeni kwa pembeni, weka ripoti ya KASAN ukiacha mistari yenye maana. Mficha uchi hazai, kama hukuweza kuizalisha kwenye kifaa halisi sema hivyo. git blame itakupa komiti iliyoleta bagi, iweke kwenye Fixes: ikiwa na herufi 12 za mwanzo za namba yake, na Cc: stable@vger.kernel.org ili irudi kwenye keneli za zamani. Endesha checkpatch.pl ikague pachi, kisha get_maintainer.pl ikuambie umtumie nani. Kama mtumiaji asiye na ruhusa anaweza kuichokoza, usiitangaze kwanza, anza na security@kernel.org.

Kuhusu kurudi kwenye keneli za zamani kuna mtego: 5.10 haina .free_disk, kwaiyo pachi hii haitaingia hivi ilivyo na utapewa taarifa kwamba imeshindikana. Toleo la huko linahitaji kref ndani ya b, probe inaanza na moja, boksi_open inaongeza, boksi_release inapunguza, na remove inapunguza ya kwake mwishoni, ila hapo uwe makini na yule anayefungua diski sekunde ileile unayoiondoa, kwaiyo open itumie kref_get_unless_zero chini ya mutex ya draiva nzima, sio ya ndani ya b.